Hivi elimu inamzuia mtu kuamini uzushi wa siasa? Mliosoma historia ya Ulaya ya zamani naomba mpite hapa

Mdadisi_Kyela:

Wakuu habari za jioni. Kuna swali linanisumbua muda mrefu, naomba hasa wale waliosoma historia wanisaidie. Kila uchaguzi ukikaribia, uwe wa kwetu au wa Marekani, tunaambiwa uzushi unaenea kwa sababu wananchi hawajasoma, wapeni elimu mambo yataisha. Sasa mimi nikiangalia grupu letu la ukoo, anayefowadi klipu za ajabu kuliko wote ni baba mdogo mwenye masters, na bibi ambaye hata la nne hakumaliza ndiye anayeuliza "nani kasema, alikuwepo?" Juzi nikamsikia mhadhiri mmoja redioni anasema Ulaya nao walipopata mashine ya kuchapa vitabu walipitia hali hii hii, miaka ya 1500 na 1600, wakauana sana ndipo wakatulia. Kipindi kikaisha hajafafanua. Ni kweli? Na walitulia kwa sababu walisoma au kuna kitu kingine?

Mzee_Tabata:

Jibu ni elimu tu kijana wangu hakuna kingine. Wenzetu walikuwa gizani, walipoanza kusoma wenyewe wakaamka, ushirikina ukaisha, ndio maana wakatutangulia. Sisi kitabu tunakiona adui.

Msoma_Nyaraka:

Mdadisi asante kwa swali, hiki ndicho kipindi ninachokifundisha chuoni kwa hiyo nivumilieni itakuwa ndefu. Mzee wangu wa Tabata shikamoo, naomba nikupinge kwa heshima zote, maana hilo la "walisoma wakaamka" ndilo tulilofundishwa wengi na nyaraka zinasema tofauti kabisa.

Watu wengi wanadhani Ulaya iliwaua watu kwa tuhuma za uchawi enzi za giza, kabla ya vitabu. Hapana. Kilele chake ni kati ya 1560 na 1630 hivi, yaani mashine ya kuchapa ina zaidi ya miaka 100, vyuo vikuu vinafunguliwa kila kona, Luther ameshawaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani tangu 1524 wafungue shule. Hapo ndipo watu wanachomwa. Makadirio ya wanahistoria wengi ni watu 40,000 mpaka 60,000 waliouawa kwa hukumu, wengi wao wanawake, na karibu nusu ni kwenye nchi za Kijerumani ambako ndiko uchapaji wenyewe ulikoanzia.

Na waliowasha ule moto hawakuwa wakulima peke yao. Mkulima alimshuku jirani yake tangu zamani, ng'ombe akifa anamnong'ona mama mjane wa pale ng'ambo, basi inaishia hapo. Aliyegeuza ule mnong'ono kuwa nadharia kamili, kwamba kuna jeshi la siri la wachawi limeungana na shetani kuangusha dunia yote, ni msomi. Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominika mwenye shahada ya theolojia, mwaka 1485 alifungua kesi ya uchawi Innsbruck, mwanasheria wa washtakiwa akaonyesha kwamba utaratibu haukufuatwa, kesi ikavunjika, askofu wa pale akamwambia aondoke. Alipobanwa na utaratibu akaenda kuandika kitabu, kikachapwa Speyer mwaka 1486, kikachapwa tena na tena, na majaji ambao hawajawahi kumuona Kramer wala kusikia alivyoshindwa Innsbruck wakawa wanakisoma kama mwongozo. Hapa ndipo mashine inapoingia. Ilimpa mtu aliyeshindwa kwenye ushahidi uwanja mwingine ambao hakuna wa kumuuliza maswali.

Waliosoma sayansi ya siasa mnamfahamu Jean Bodin, yule wa nadharia ya mamlaka kuu ya dola, kitabu chake cha 1576 tunakitaja mpaka leo. Huyo huyo mwaka 1580 alitoa kitabu cha kuwahimiza majaji wasiwaonee huruma wachawi. Mwanasheria bingwa, anajua Kigiriki, Kiebrania, historia, kila kitu. Elimu yake haikumzuia, ilimpa maneno mazuri zaidi ya kutetea alichokuwa tayari anakiamini. Baba mdogo wa Mdadisi mwenye masters asishangaze mtu.

Sasa twende Bamberg, mji wa Ujerumani kusini, maana pale kila kitu kinaonekana. Vita ya Miaka 30 imeanza 1618, pesa imechakachuliwa, bei zimepaa. Mei 1626 inakuja baridi kali nje ya msimu, mizabibu na nafaka zinaungua shambani. Watu wana njaa na wana hasira na wanataka mtu wa kumlaumu. Mtawala wa pale, ambaye ni askofu na mfalme mdogo kwa wakati mmoja, amezungukwa na madaktari wa sheria wa kutosha tu, na hao ndio walioendesha ile mashine ya kukamata. Mwaka 1627 wakajenga gereza maalum la watuhumiwa wa uchawi. Anayekamatwa anateswa mpaka ataje wenzake, wenzake wanakamatwa wanateswa wanataja wengine, na mali ya anayeuawa inachukuliwa na serikali. Walianza na wanyonge wakafika mpaka kwa meya.

Huyo meya anaitwa Johannes Junius, aliuawa Agosti 1628. Kwenye kumbukumbu rasmi za mahakama imeandikwa kwamba alikiri, alimkana Mungu, alihudhuria mikutano ya wachawi, na wenzake aliwataja. Lakini kuna barua aliyomwandikia binti yake Veronika kwa siri kutoka gerezani, mikono yake ikiwa imepondwa na vyuma, anamwambia hana hatia, na kwamba mtesaji mwenyewe ndiye aliyemsihi atunge chochote tu akiri maana hataacha kuteswa mpaka aseme. Mimi kila mwaka nikifika hapa darasani nanyamaza kidogo. Ukisoma rekodi ya serikali peke yake, Junius ni mchawi aliyethibitishwa.

Sasa waliacha vipi? Mdadisi hili ndilo swali lako lenyewe. Hawakuacha kwa sababu watu wote walierevuka. Waliacha kwanza mahali ambapo jaji wa mbali, asiye na hofu ya kile kijiji, alikuwa na nguvu ya kuuliza ushahidi uko wapi. Mahakama kuu ya Paris ilikuwa inafuta hukumu nyingi za kifo zilizotoka mikoani, na mwaka 1624 ikaweka rufaa iwe lazima kwa kila kesi ya uchawi katika eneo lake. Hispania, nchi ambayo tunaisema kwa ukatili wa mahakama zake za dini, mwaka 1611 walimtuma mkaguzi anaitwa Alonso de Salazar Frías akazunguke nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, baada ya watu kuchomwa Logroño mwaka uliotangulia. Akahoji watu wapatao 1,800, wengi wao watoto. Akawauliza mmoja mmoja mlikutana wapi, mlitoka mlango gani, nani alikuwepo, majibu hayalingani. Zile dawa za wachawi zikajaribiwa kwa wanyama, hakuna aliyedhurika. Akaandika kwamba kule hakukuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka pale watu walipoanza kuwasema na kuwaandika. Mwaka 1614 wakubwa zake wakatoa maelekezo mapya ya ushahidi, na kule mauaji ya namna hiyo yakakauka mapema kuliko Ujerumani. Salazar hakuwa mtu wa kisasa, hakuwa amekataa imani ya dini yake, alikuwa mwanasheria wa kanisa aliyefanya kazi yake kwa uaminifu.

Kwa hiyo nikitazama siasa za leo naona tunakosea tunapotupa mzigo wote kwa mwananchi wa kawaida eti ajifunze kutambua uongo. Marekani 2020 walipoambiwa kura zimeibwa, waliobeba ule uongo walikuwemo wanasheria wakubwa na madaktari. Ukasambaa kwenye simu kama moto wa nyika. Ulipofika mahakamani, kesi zaidi ya 60, karibu zote ziligonga mwamba, baadhi mbele ya majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe. Raia hawakuwa wameelimika zaidi ndani ya wiki nane zile. Kilichofanya kazi ni kwamba kule ndani mtu lazima aseme kwa kiapo na aulizwe maswali.

Mzee_Tabata:

Marahaba. Nimesoma yote. La huyo meya limeniuma. Lakini bado nasema asiyesoma ni rahisi zaidi kudanganywa.

Nakuru_Shambani:

Wah, hii imenifikia. Huku Kenya tumeyaona hayo live. 2017 kila mtu alikuwa na ukweli wake kwa simu, fomu feki, skrinshoti, sijui nani ameuawa wapi. Korti ya Juu ikasema tume ya uchaguzi ifungue seva zionekane, tume haikutii vile iliagizwa, na tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakafuta uchaguzi wa rais. Wakaitwa majina ya kutisha na wakubwa. 2022 ikawa kinyume, walalamishi wakaleta makaratasi mengi, korti ikachunguza, zingine ikapata si za kweli, ikatupa kesi yote. Sikufurahia zote mbili, nitasema ukweli, lakini mara zote nilisoma hukumu na nikaona ni kwa nini. Watu mtaani walirudi kazini. 2007 wale wa upinzani walisema hawaendi korti kwa sababu hawaiamini, na mnajua chenye kilifuata, watu zaidi ya 1,000 wakafa na mimi naishi hapa Nakuru nilikiona na macho yangu.

Mama_Kahama:

Msoma Nyaraka nimekuelewa ila kuna mahali hapanikai sawa. Mimi natokea Usukumani, nimekua nikiona vikongwe wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kupikia kuni na mavi ya ng'ombe miaka yote, hakuna kingine. Kule kwetu hakuna mahakama iliyowaua, ni watu wa usiku wamelipwa. Sasa wewe unasema utaratibu wa mahakama ndio uliokomesha Ulaya, lakini kwa maelezo yako mwenyewe hao wa Bamberg walichomwa NA mahakama, kwa hukumu, kwa muhuri. Sasa utaratibu uliua au uliokoa? Naomba usiniambie vyote viwili halafu ukaishia hapo.

Msoma_Nyaraka:

Mama Kahama hapo umegusa penyewe. Naomba nijibu kwa kuangalia nani alikuwa na nini mkononi.

Bamberg yule mtawala alikuwa mshitaki, alikuwa jaji, na ndiye anayechukua mali ya aliyeuawa. Vyote vitatu mkono mmoja. Sheria ya Kaisari Charles wa Tano, aliyekuwa juu ya watawala wote wadogo wa Kijerumani, ya mwaka 1532 ilishaweka masharti kuhusu mateso, lini yaruhusiwe na kwa dalili gani, na ilisema mahakama ndogo zikiwa na shaka zikaombe ushauri kwa wataalamu wa nje. Bamberg wakaiweka pembeni wakisema kosa hili ni la dharura, halifuati kanuni za kawaida. Hiyo kauli ya dharura ndiyo ya kuogopa kuliko zote, iwe 1627 iwe leo.

Linganisha na Katharina Kepler, mama wa Johannes Kepler yule wa sayari. Mama mzee mjane, mtengeneza dawa za majani, jirani aliyegombana naye akamzushia mwaka 1615. Akakamatwa 1620, akakaa kifungoni miezi 14 akiwa na minyororo. Mwanae akaacha kazi zake akaenda kumtetea kwa maandishi, hoja kwa hoja. Faili likapelekwa kwa kitivo cha sheria cha Tübingen, wao wakasema atishwe tu kwa kuonyeshwa vyombo vya mateso, asiteswe. Akaonyeshwa, akakataa kukiri, 1621 wakamwachia. Alifariki mwaka uliofuata. Enzi zile zile, nchi zile zile za Kijerumani, Bamberg ni siku chache tu kwa miguu. Tofauti yake ni kwamba faili lilitoka nje ya mikono ya wenye hofu na wenye ugomvi. Na tuseme ukweli, alikuwa na mtoto mwenye jina, wengine wengi hawakuwa naye.

Na kule Bamberg kulizimika vipi? Waliofanikiwa kutoroka walikwenda kulalamika kwenye baraza la Kaisari Vienna. Kaisari akatoa amri mwaka 1630 na 1631, ikiwemo marufuku ya kutaifisha mali za watuhumiwa. Kesi zikapungua ghafla. Ondoa faida uone ni wachawi wangapi wanabaki. Halafu 1632 jeshi la Uswidi likaingia, askofu akakimbia, akafia uhamishoni mwaka uliofuata. Kwa hiyo utaratibu unaokoa pale tu unapomfunga mwenye nguvu, usipomfunga unakuwa kalamu yake. Kuhusu vikongwe wetu, nakubaliana nawe kwamba sura yake ni nyingine, lakini waliolipwa walilipwa na mtu, mara nyingi kuna shamba au urithi pembeni, na kesi zilizofika mwisho ni chache mno kulinganisha na waliokufa.

Mwanasheria_Dodoma:

Niongeze moja kwa upande wetu bila kumtukana mtu. Ndugu wa Nakuru anazungumzia kusoma hukumu. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2020 ilisema hilo linakiuka mkataba wa haki za binadamu. Mimi nilikuwa naliona ni suala la vyama tu, lakini nikisoma uzi huu naliona pia ni suala la uzushi. Mahali ambapo hakuna sehemu ya kuthibitisha, kila uvumi unabaki hai milele maana hakuna pa kuuzika. Hata anayeshinda kihalali ananyimwa nafasi ya kuonyesha kwamba alishinda.

Msoma_Nyaraka:

Mkuu hapo umesema kitu kikubwa. Na niongeze upande wa pili wake. Serikali nyingi dawa yao ya uzushi ni kuufanya kosa la jinai. Mwaka 1592 padre mmoja msomi, Cornelius Loos, aliandika kule Trier, Ujerumani, kwamba hizi kesi za uchawi ni uongo na kwamba maungamo yanatolewa na mateso. Kitabu kikakamatwa kikiwa bado kinachapwa, yeye akafungwa, na mwaka 1593 akapigishwa magoti kukana hadharani kila alichoandika. Kwa kipimo cha wakubwa wa pale, yeye ndiye aliyekuwa mzushi. Miaka karibu 40 baadaye Friedrich Spee, Mjesuti, akasema mambo yale yale, na yeye ilibidi kitabu chake kitoke bila jina lake, kikachapwa mwaka 1631 huko Rinteln, mji wa Waprotestanti, wakati yeye ni Mkatoliki. Spee hakubishana na kuwepo kwa wachawi. Aliuliza tu, mkimtesa hivi padre au askofu au jaji mwenyewe, kuna atakayetoka bila kukiri? Hoja hiyo moja ilisafiri mbali.

Mwl_Tukuyu:

Walimu wenzangu wa historia mpo? Nasoma hapa natamani wanafunzi wangu wangekuwepo. Mimi nafundisha sekondari, tatizo langu ni kwamba mtihani unamdai mtoto "sababu sita" na "athari sita" na akizikariri anapata alama zake, hajawahi kushika waraka hata mmoja akauliza umeandikwa na nani. Halafu tunashangaa akikua anaamini klipu. Huku kwetu Rungwe Wamoravian walifika 1891 na kanisa lao asili yake ni ule Umoja wa Ndugu wa Bohemia na Moravia ambao askofu wao wa mwisho wa zama zile alikuwa Comenius. Watu wanalijua kanisa, Comenius hawamjui. Alifukuzwa kwao kwa ajili ya imani baada ya Waprotestanti kushindwa vita 1620, akahama hama maisha yake yote, mji wa Leszno alikokuwa anaishi ukachomwa 1656 na maandishi yake mengi yakateketea, akafia Amsterdam 1670. Pamoja na yote hayo alishikilia kwamba wafundishwe watoto wote, wavulana na wasichana, maskini na tajiri, waanze kwa lugha ya nyumbani, na waonyeshwe kitu chenyewe kabla ya maneno ya kukielezea. Sisi form one mtoto anahamishiwa Kiingereza siku moja, anaacha kuuliza maana hana maneno ya kuulizia. Mtu asiyeweza kuuliza swali darasani atamuuliza nani kwenye grupu?

Msoma Nyaraka, ukiwa na kipindi cha dakika 80 na watoto 60, ungefanya nini?

Msoma_Nyaraka:

Mwalimu, nisingefundisha uchawi wa Ulaya kama mada hata kidogo. Ningechukua karatasi mbili tu. Moja muhtasari wa rekodi ya mahakama ya Bamberg inayosema Junius alikiri. Ya pili barua yake kwa Veronika. Nawagawa makundi, nusu wanapewa hii nusu ile, hawaambiwi kama kuna nyingine. Kila kundi linaandika kilichotokea. Halafu wanabadilishana. Nimefanya hivi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wale waliopata rekodi rasmi wanakuwa na uhakika kupita kiasi maana ina tarehe, ina muhuri, ina mashahidi, na wakipewa barua wanagawanyika, wengine wanasema barua ni ya kughushi. Sawa kabisa! Waulize watajuaje. Hapo ndipo somo linapoanza, na ni lile lile swali la bibi yake Mdadisi, nani kasema na alikuwepo, ila sasa na kwa mwenye muhuri pia linaulizwa. Wafanye kwa Kiswahili, mtihani utakuja na Kiingereza chake baadaye.

Mama_Kahama:

Weka na ya tatu, orodha ya nani alipata mali ya Junius.

Msoma_Nyaraka:

Naiweka.

Mwl_Tukuyu:

Nakubali. Barua yenyewe inapatikana wapi?

Msoma_Nyaraka:

Ya asili imehifadhiwa kule kule Bamberg. Tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 19 ipo bure mtandaoni, si ndefu. Ya Kiswahili mimi sijaiona.

Mdadisi_Kyela:

Basi naomba niianze mimi, Kiingereza changu kinatosha na muda ninao mpaka mwisho wa mwezi. Nitaileta hapa hapa vipande vipande mnisahihishe, Mwanasheria utaniangalizia maneno ya mahakama. Mzee Tabata wewe nisomee Kiswahili kama kimekaa.

Mzee_Tabata:

Lete.